Somo la Shimi: Nuru Nyekundu ya Europiumu



Weka noti ya euro chini ya taa ya ultravioleti mahali pa giza. Utaona nyuzi ndogo zinawaka, zingine nyekundu, zingine kijani, zingine buluu. Mwaka 2002, noti hizi zilipoanza kutumika, watafiti wa chuo kikuu cha Utrecht, kule Uholanzi, walipima ile nuru nyekundu wakaona ndani yake alama ya europiumu. Basi leo tujifunze: inawaka namna gani?

1. Jamaa yake. Europiumu iko namba 63 katika tablo ya elementi. Mfaransa Demarçay aliitambulisha mwaka 1901. Ni moja ya lantanidi 15, kuanzia lantani (57) mpaka lutesi (71). Ndugu yake terbi (65) anatoa nuru ya kijani.

2. Shida. Elektroni za 4f zimefichwa ndani ya atomu, sawa mtu aliye katika chumba cha katikati ya nyumba. Upepo wa inje haumfikii, kwa hiyo rangi haibadiliki sana: nuru ya europiumu inabaki karibu na nanometri 615. Lakini hata jua halimfikii! Europiumu peke yake inapokea mwangaza kidogo sana. Sasa itawaka kwa nguvu gani?

3. Msaada. Tunaizungusha na molekuli zingine, kwa mfano beta-diketoni. Mchanganyiko huo unaitwa kompleksi. Molekuli zile zinapokea ultravioleti vizuri, kisha zinapitisha nguvu kwa europiumu, nayo inatoa nuru nyekundu. Weissman wa Marekani alionyesha jambo hili mwaka 1942. Wenye elimu wanaziita antena, na ni kweli: radio bila antena inasikia kidogo tu. Tena zinafukuza maji. Maji yakigusa europiumu, mtikisiko wa O-H unaiba nguvu na kuigeuza kuwa joto, nuru inapunguka.

4. Kazi. Ya kwanza, kulinda feza: mtu anaweza kuiga picha ya noti, lakini kuiga nuru yake ni kazi ngumu. Ya pili, kupima damu. Vitu vingi vya damu vinawaka na kuzimika kwa sehemu chache za miliardi ya sekunde. Europiumu inaweza kudumu karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mashini inangoja kidogo, zile zingine zinazimika, ndipo inasoma europiumu peke yake. Hivi daktari anapata hata kitu kidogo sana kilichofichwa katika damu ya mgonjwa.

5. Na sisi? Mawe yenye lantanidi hayako mbali. Kule Gakara, katika Burundi jirani yetu, bastnezite ilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji. Jiwe lilisafiri, elimu ya kulisafisha ikabaki kwa wengine. Mwenye kuuza jiwe bila kulijua anauza kwa bei ya jiwe. Ndiyo sababu tusiseme shimi ni somo la kupata pointi tu.

Angalisho: usitazame taa ya ultravioleti kwa macho. Inaumiza.

Maulizo:
a) Sababu gani europiumu peke yake inawaka kidogo?
b) Antena inafanya kazi gani mbili?
c) Kwa nini mashini ya damu inangoja kwanza?

Tujibu katika kaye zetu, kisha tusaidiane.