Viazi, Mayai na Mboga za Majani: Namna ya Kulifundisha Somo la Mapishi Katika Shule za Arusha

Miongoni mwa masomo ambayo mwalimu mwanafunzi huyaendea kwa wasiwasi awapo katika mazoezi ya kufundisha, somo la mapishi halikosekani. Sababu yake si kwamba hajui kupika, kwani wengi wetu tumelelewa jikoni. Wasiwasi hutokana na wingi wa wanafunzi, uchache wa vyombo, na moto. Kwa hiyo aghalabu huamua kupika yeye mwenyewe huku darasa likitazama, kisha huandika ubaoni orodha ya mahitaji na hatua ili wanafunzi wanakili. Wakaao mbele huambulia harufu ya kitunguu, na wakaao nyuma huuona mgongo wa mwalimu. Mwisho wa kipindi daftari zimejaa, lakini hakuna mtoto aliyejifunza kupika.

Katika makala hii tunakusudia kueleza namna nyingine ya kulifundisha somo hili, tukitumia chakula kimoja tu: viazi mviringo vilivyopikwa pamoja na mayai na mboga za majani. Hoja yetu ni kwamba mwanafunzi hana haja ya kukariri hatua za upishi, bali anahitaji kujua sababu ya kila hatua. Akiijua sababu ataweza kupika hata siku ambayo mahitaji hayajatimia, na katika nyumba nyingi siku za namna hiyo ndizo nyingi.

Tuchukue mfano wa darasa la tano lenye wanafunzi 60, katika shule iliyo kandokando ya mto Themi, mjini Arusha. Watoto hawa wanaifahamu chipsi mayai kuliko sisi wakufunzi. Wameiona ikikaangwa vibandani jioni, wanajua kwamba vijana huiita zege, na baadhi yao hutumwa kuinunua. Kanuni ya zamani ya kutoka katika lijulikanalo na kwenda katika lisilojulikana yatutaka tuanzie hapo. Hata hivyo tusianze kwa kukikashifu chakula hicho. Mwalimu akiingia darasani na kutangaza kwamba chipsi ni mbaya, watoto watanyamaza kwa heshima, na jioni watakwenda kuinunua. Afadhali aulize: katika chipsi mayai mmeona nini na nini? Watajibu viazi, mayai, mafuta, chumvi, na pengine kachumbari pembeni. Kisha aulize: ni kitu gani kinachoota kwa wingi katika miteremko ya Meru lakini hakimo ndani ya kikaango hicho? Majina ya mboga yatamiminika: mchicha, mnavu, figiri, sukuma wiki, majani ya maboga, majani ya kunde. Utangulizi wa somo umekamilika bila mwalimu kuhubiri.

Maandalio

Andalio la somo hili lianze mwezi mmoja kabla ya siku yake. Mchicha uliopandwa kwa mbegu huweza kuvunwa baada ya majuma matatu au manne, hivyo mwalimu aonaye mbali ataliingiza tuta la mchicha katika azimio lake la kazi, nao wanafunzi watapika walichopanda wenyewe. Falsafa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa mwaka 1967, ilitaka shamba la shule na darasa visitengane. Tuta moja la mchicha latosha kuonyesha maana ya jambo hilo.

Darasa ligawanywe katika makundi sita ya wanafunzi kumi kumi, wavulana na wasichana wakichanganywa. Mvulana asipewe kazi ya kuchota maji na kupasua kuni peke yake, wala msichana asiachiwe kisu kwa sababu tu ni msichana. Kila kundi litahitaji viazi kilo moja, mayai manne, mafungu mawili ya mchicha, nyanya mbili, kitunguu kimoja, vijiko vitatu vya mafuta na chumvi kidogo. Mayai ya makundi yote ni 24. Trei moja huwa na mayai 30, hivyo sita yatabaki kuwa akiba, maana mikono ya watoto huvunja, na pia tutayahitaji kwa jaribio tutakalolieleza baadaye.

Yai la shule linunuliwe na shule. Tusimwagize mtoto aje na yai kutoka nyumbani. Katika kaya nyingi kuku hutaga kwa ajili ya soko: yai huuzwa ili chumvi na sabuni vipatikane. Mtoto anayeagizwa kuleta yai huweza kulichukua bila ruhusa, au akabaki nyumbani siku hiyo kwa aibu. Mboga aweza kuleta. Lakini hilo nalo liwe ombi, lisiwe sharti.

Moto uwashwe nje, mahali pasipo na upepo mkali. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya darasa hata kama mvua inanyesha, kwa kuwa mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Majiko yakiwa matatu tu, makundi yapokezane: matatu yapike na matatu yaoshe na kukata, kisha wabadilishane. Vipindi viwili vya dakika 40 vilivyofuatana vyatosha, mradi viazi viwe vimekwisha kutelekwa wakati wa utangulizi.

Hatua na sababu zake

Viazi vichemshwe na maganda yake, baada ya kuoshwa vizuri. Kiazi kina vitamini C, na vitamini hiyo huyeyuka katika maji. Ganda huizuia isitoke yote. Viazi vyenye rangi ya kijani vitengwe, kwa sababu rangi hiyo ni dalili kwamba kiazi kilipigwa na mwanga na huenda kimejenga sumu iitwayo solanini, ambayo haiondoki kwa kuchemshwa. Wakati viazi vikiwa motoni, mwalimu aweza kuuliza swali ambalo wanafunzi hawalitarajii: je, viazi hivi vitaiva upesi zaidi Arusha au Dar es Salaam? Wengi watasema ni sawa, kwa kuwa maji yakichemka yamechemka. Kumbe sivyo. Mji wa Arusha upo mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, wakati Dar es Salaam huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo kiazi cha Arusha hukaa motoni muda mrefu zaidi. Mwalimu wa sayansi ataona kwamba somo lake limeingia jikoni bila kubisha hodi.

Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, wala zisikatwe kwanza. Jambo hili lina sababu mbili. Kwanza, jani lililokatwa hupoteza vitamini zake katika maji ya kuoshea. Pili, mboga nyingi za mjini hulimwa mabondeni na kumwagiliwa maji ya mito, na mto Themi, ambao huteremka kutoka Meru ukiwa safi, hupita katikati ya jiji na kupokea uchafu wa watu. Jani lioshwe moja moja, mbele na nyuma, kwa maji yanayobadilishwa.

Sasa tumefika mahali ambapo wapishi wengi wapya hushindwa, nasi twashauri mwalimu asiharakishe hapa. Mchicha ni maji matupu, karibu sehemu tisa kati ya kumi. Mpishi akizitia mboga mbichi katika mayai yaliyokorogwa na kuyamimina yote kikaangoni, mboga zitatoa maji yake wakati mayai yanajaribu kuganda. Matokeo yake ni chakula chenye mchuzi wa kijani chini na mayai yaliyokatikakatika juu. Badala ya kuwaeleza wanafunzi jambo hili, mwalimu alionyeshe kwa jaribio. Achukue mayai mawili ya akiba na vikaango viwili vidogo. Katika kikaango cha kwanza atie yai moja lililochanganywa na mchicha mbichi. Katika cha pili aanze na mchicha peke yake kwa kijiko kidogo cha mafuta, bila mfuniko, mpaka maji yakauke, ndipo amimine yai. Vikaango hivyo viwekwe kando kwa kando, na wanafunzi wapite kundi baada ya kundi kutazama. Kisha waulizwe: maji yale yametoka wapi, ilhali hakuna aliyetia maji?

Baada ya jaribio hilo makundi yaanze kupika, na mwalimu aache mikono yake nyuma. Kitunguu kikaangwe kidogo, nyanya zifuate, kisha mboga, na zikikauka viingie viazi vilivyomenywa na kukatwa vipande. Mayai yaje mwisho, yakiwa yamekorogwa na chumvi, na moto upunguzwe. Ute wa yai huanza kuganda kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na kiini kwenye nyuzi 65 hadi 70. Joto hilo ni dogo kuliko la maji yanayochemka. Mwenye moto mkali huunguza upande wa chini kabla wa juu haujashika. Kifuniko husaidia hapa, kwa kuwa mvuke huivisha juu. Kundi likipenda kukigeuza chakula kwa sahani, mwalimu asimame karibu.

Ikiwa mboga iliyopatikana ni mnavu, ichemshwe kwanza peke yake, kwa sababu ya uchungu wake; na matunda yake mabichi yasiingie chunguni.

Kuhusu mafuta, mwalimu asiwafundishe watoto kwamba mafuta ni adui. Vitamini A iliyomo katika majani ya kijani haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta kidogo, hivyo vijiko vile vitatu, pamoja na mafuta yaliyomo katika kiini cha yai, vina kazi yake. Nyanya nayo si ya rangi tu. Madini ya chuma yaliyomo katika mboga hupokewa na mwili kwa shida, na vitamini C huipunguza shida hiyo. Ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula hufanya vivyo hivyo. Chai ya rangi inywewayo pamoja na chakula huleta kinyume chake.

Suala la magadi na maji

Katika kila darasa la Arusha atakuwapo mwanafunzi atakayesema kwamba kwao mboga hutiwa magadi ili zilainike na zibaki na rangi ya kijani. Anasema kweli, na mama yake hakosi anaposema kwamba magadi hulainisha. Mwalimu amshukuru, kisha aeleze yale ambayo jicho halioni. Magadi huharibu vitamini C. Zaidi ya hayo, magadi ya kaskazini mwa nchi yetu mara nyingi huwa na madini ya floraidi, na maji ya chemchemi na visima vingi vinavyouzunguka mlima Meru yanayo floraidi tayari. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na vyanzo kadhaa vya eneo hili vimezidi kiwango hicho mara nyingi. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua chunguni, floraidi iliyobaki huwa nzito zaidi.

Hapa mwalimu anahitaji busara kubwa. Ndani ya darasa watakuwamo watoto wenye meno ya rangi ya kahawia, na wote watawageukia. Asiwatumie kuwa mfano, wala asitaje meno ya mtu yeyote. Aeleze tu kwamba floraidi hudhuru meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya mwanzo ya mtoto. Mwanafunzi wa darasa la tano ameupita umri huo. Wadogo zake nyumbani hawajaupita, na yeye ndiye mara nyingi anayewapikia. Ajue basi kwamba mchicha hulainika kwa dakika chache bila magadi, na kwamba maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi yafaa zaidi kupikia chakula cha mtoto mdogo.

Wazee wa kazi hii watakumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ambapo watu wazima walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana kuhusu lishe. Nguvu ya kampeni ile ilikuwa katika majadiliano yaliyofuata baada ya redio kunyamaza. Vivyo hivyo, wanafunzi wanapokula chakula walichokipika, mwalimu asikae ofisini. Aketi nao, awasikilize wanavyolinganisha kikaango cha kundi moja na cha jingine. Kila mtoto apate kipande, hata kama ni kidogo.

Tathmini

Tusitahini somo hili kwa kuuliza orodha ya mahitaji. Twapendekeza swali moja tu, lijibiwe kwa maandishi mafupi: Leo nyumbani kuna viazi na mboga, lakini hakuna yai, utapika nini, na utaanza na nini? Atakayetaja maharage, kunde, dagaa au maziwa ameelewa kazi ya yai mwilini. Atakayeanza kwa kukausha mboga ameelewa kazi ya moto. Atakayeandika kwamba hawezi kupika mpaka yai lipatikane anahitaji kurudishwa kwenye vile vikaango viwili. Mwalimu ayahesabu majibu ya kila aina na kuyaandika katika andalio lake, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayomwonyesha kama kipindi kijacho kiwe cha chakula kipya au cha marudio. Na wakiwapo wengi walioandika kwamba wataongeza magadi, kipindi kijacho kiwe cha maji.