SOMO: BUSTANI YA MUNGU NA MAJIRA YAKE



Uwanda wa Kitulo, uliotangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Mvua za Novemba hadi Aprili huuvika maua, zikiwemo okidi za aina nyingi. Juni hadi Agosti huja baridi kali na sakitu. Apitaye hudhani hakuna kitu, kumbe viazi vya okidi vimelala ardhini vikingoja mvua. Katika nyanda hizi za kusini viazi hivyo huchimbwa na kupelekwa Zambia kupikiwa chikanda. Kiazi kikiliwa, ua halirudi.

Tujadiliane:
1. Tupandeje maua majumbani bila kung'oa ya porini?
2. Wanaoishi kwa kuchimba tuwatafutie kipato gani?