Bustani ya Mji Ianzie Kibanjani

Siku ya gulio, simama njia panda ya mji wowote mdogo wa Karagwe au Kyerwa, iwe Omurushaka, Nkwenda au Isingiro, uangalie watu wanakaa wapi. Bodaboda wamejazana chini ya mti mmoja ulionusurika barabara ilipopanuliwa. Mama muuza parachichi ametandika kiroba ukingoni mwa mtaro, mgongo kauegemeza ukuta wa duka, kwa sababu saa tisa hii ukuta ndio wenye kivuli. Watoto wa shule nao wamekata kona kwenye uwanja mtupu mpaka wameacha ujia mwembamba usioota hata ndago. Bila kuitwa kikaoni, watu hao wameshachora ramani ya bustani. Kinachobaki ni mtu wa kuisoma.

Kusoma huko ndiko kazi ya usanifu wa mandhari, fani inayopanga ardhi, maji, mimea na mapito kwa pamoja. Inafundishwa Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, na halmashauri ikimpata mhitimu wake ni heri. Lakini mtaa usio na mtaalamu usikae ukimsubiri, kwa kuwa kielelezo kipo nyuma ya nyumba.

Chukua kibanja, yaani shamba la nyumbani, kilichotunzwa vizuri. Juu kabisa umesimama msizi au mtoma, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa maharage na magimbi. Udongo wenyewe huuoni, umefunikwa matandazo. Mvua kubwa ikipiga, matone yanavunjika jani kwa jani kabla ya kufika chini, na maji yanazama badala ya kukimbia. Hakuna mmea wenye kazi moja tu. Mtoma ni kivuli, na magome yake ndiyo yaliyotoa nguo za zamani kabla ya kaniki. Mlamula uliopandwa mpakani ni ua, na ni shahidi pia: jina lake linatokana na kulamula, yaani kuamua shauri. Nje ya vibanja iko rweya, nyasi za wote, mahali pa kuchungia na kukata majani ya kutandaza na kuezekea. Kibanja cha mtu na rweya ya watu: huo ni mpango wa ardhi uliokamilika, na haukuchorwa na mkandarasi.

Ndiyo maana inashangaza kwamba tukitaka bustani ya mji tunasahau yote hayo na kuleta nyasi zinazolilia maji kila Julai, maua yanayohitaji mtumishi, na mnyororo. Nimewahi kufika mji mmoja, sitautaja, nikakuta bustani ya namna hiyo ina kibao: USIKANYAGE NYASI. Watu walikuwa wamesimama nje juani. Aliyekuwa ndani ni mbuzi.

Kazi yenyewe inaanzia kwenye karatasi. Kijijini, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayopendekeza eneo litengwe kuwa la matumizi ya wote, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Muhtasari uandikwe, usainiwe, nakala ibaki kwa mtendaji. Mjini, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uombe kuonyeshwa maeneo ya wazi kwenye ramani ya mipangomiji. Huenda kiwanja mnachokitamani kilitengwa zamani na leo kimeshaanza kupandwa vibanda. Msidharau hatua hii. Mwaka 1989 hata Uhuru Park ya Nairobi, katikati ya jiji, iliponea chupuchupu kujengwa mnara wa ghorofa 60, na ilihitaji ubishi wa mwanamazingira Wangari Maathai kuinusuru. Kipo pia kipande ambacho wengi hatukifikirii: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kwa anayetaka kujenga ni kikwazo, ila kwa anayetaka njia ya kutembea chini ya miti ya asili, hapo pameshalindwa.

Ukishapata eneo, lifuate maji. Huku kwetu ni milima; bustani iliyosahau mteremko itahamia bondeni masika ya kwanza. Ngoja siku ya mvua, vaa buti, tembea ukiweka vigingi pale maji yanapoingilia, yanapotuama na yanapotokea. Kisha tengeneza fremu ya A: fito mbili za mita 2 zifungwe juu, fito fupi ipite katikati, na kutoka kileleni ining'inie kamba yenye jiwe. Simamisha miguu yake miwili chini, weka alama kamba inapokatiza ile fito fupi. Geuza fremu, miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa shika mguu mmoja, zungusha mwingine mpaka kamba itulie kwenye usawa, piga kigingi, endelea. Baada ya nusu saa utaona mstari wa vigingi unapinda na mlima kama mkanda kiunoni. Chimba mtaro kwenye mstari huo. Shambani tungechimba mtaro wa fanya juu wenye kina cha sentimita 60, lakini mahali pa watoto sentimita 30 zinatosha, na udongo uliotupwa upande wa juu upandwe mabingobingo au mlamula.

Maji ya kuelekeza kwenye mitaro hiyo ni mengi kuliko tunavyodhani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la soko la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 2,000 kwa mchana mmoja. Hata robo ikipotea, zinabaki 1,500. Leo maji hayo yanachimba korongo nyuma ya choo cha soko.

Sasa kivuli. Tuko kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo jua la saa sita liko karibu utosini na kivuli kinakaa chini ya mti wenyewe. Jua linalotesa watu ni la alasiri, likitokea magharibi. Benchi basi liwe mashariki mwa mti. Ni jambo dogo, lakini mabenchi mangapi tunayaona tupu saa tisa huku watu wamekaa chini upande wa pili? Benchi liwe na kimo cha sentimita 45 hivi ili mzee aweze kuinuka bila kuomba mkono, na njia kuu iwe na upana wa mita 1.5 na isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12, kigari cha mlemavu kipite.

Kwa miti ya kivuli, napendelea mtoma kuliko mche wowote wa kwenye kiriba. Unaoteshwa kwa kigingi cha tawi: kata tawi la mita 2 hadi 2.5, lizike sentimita 50, na litachipua juu, mahali ambapo mdomo wa mbuzi haufiki. Upandwe mbali na majengo, mita 15 na zaidi, maana mizizi yake haina adabu. Msizi unakua haraka na shina lake ni nyoofu; mgrivelia unafaa pembezoni. Mkaratusi usiusogeze karibu na chemchemi, unakunywa sana. Na migomba? Inapendeza, lakini mgomba usio na mwenyewe ni nyumba ya mnyauko bakteria, na panga linalokata ule wa bustani kesho linakwenda kibanjani kwa mtu. Kama hakuna wa kuihudumia, iacheni.

Pandeni Oktoba, mvua za vuli zikishika. Mche wa Oktoba unakunywa vuli na masika kabla ya kukutana na kiangazi cha Juni hadi Agosti. Wa Aprili unakutana nacho ungali mtoto. Shimo la mti wa matunda liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu utengwe na wa chini, na wa juu ndio urudi kwanza ukiwa na mboji. Udongo wa Karagwe una upungufu wa fosforasi. Shirika la MAVUNO pamoja na watafiti wa Technische Universität Berlin wamejaribu hapa mboji iliyochanganywa na vumbi la mkaa na kinyesi kilichotibiwa kwa joto, na mahindi yakaitikia. Bustani haihitaji kwenda mbali hivyo. Taka za sokoni, maganda ya ndizi hasa, zikirundikwa na majivu na samadi kwenye kona yenye kivuli zinatosha.

Anayepanda hakosekani, hasa mgeni rasmi akiwepo. Swali ni nani atamwagilia Julai. Kibera, Nairobi, taasisi ya Kounkuey Design Initiative ilipotengeneza maeneo ya umma pamoja na wakazi, iliweka humo vitu vinavyoingiza fedha, kama vyoo na vioski vya maji, na vikundi vya wakazi vikaviendesha. Kwetu choo cha kulipia na kibanda cha chai vingelipa mlinzi. Lakini mimi kabla ya kuunda kamati mpya ningekwenda kwenye vikundi vya kuzikana. Vina daftari la majina, vina faini, na vina kitu ambacho kamati za mradi hazina: mtu anaona aibu kukosa. Gaweni miti kwa vikundi, kila kikundi na kumi yake, madumu mawili kwa mche kwa wiki.

Mwishoni mwa Septemba piteni na daftari. Mche uliokufa ukanyauka, agizeni mwingine kitaluni mapema. Uliovunjwa, ulizeni kwanza ulivunjwa na nani akielekea wapi. Pakivunjika mara mbili mahali palepale, msipande wa tatu. Pimeni mita 1.5, mwageni changarawe, muifanye njia.