Nyaya za Meno kwa Vijana Wetu: Hukumu Yake na Wajibu Unaoifuata

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu akalinyosha umbo lake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Katika darsa zetu tumeulizwa mara kwa mara, na zaidi na kina mama, juu ya jambo ambalo wazee wetu hawakulijua na leo limeingia katika nyumba nyingi za miji yetu. Kijana wa miaka 12 au 13, meno yake yamepandana au yamechomoza mbele, na daktari ashauri atiwe nyaya za kuyanyosha. Wako wasemao kuwa jambo hilo ni haramu, kwa kuwa ni kubadilisha umbo la Mwenyezi Mungu. Wako wasemao kuwa ni pambo tu la wenye mali. Na wako wanaomtia mtoto nyaya kwa fedha nyingi, khalafu wasimtazame tena kinywani mpaka siku ya kutolewa. Makundi yote matatu yahitaji kuelezwa, nasi kwa idhini ya Mwenyezi Mungu twaeleza.

HUKUMU YA KUNYOSHA MENO

Wanaoharamisha hushika hadithi iliyo sahihi, iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullahi bin Masud (r.a.), ambayo ndani yake wamelaaniwa wanawake wanaotia mwanya katika meno yao kwa ajili ya uzuri. Hadithi hii twaikubali kwa kichwa na macho. Sisi watu wa pwani ndio tuwezao kuifahamu zaidi, kwani mwanya kwetu ni katika sifa za uzuri. Mwenye kuzaliwa nao amshukuru Mola wake. Ama kuchukua tupa na kulikereza jino zima lisilo na ugonjwa ili upatikane mwanya, hilo ndilo lililokatazwa.

Lakini tuyaangalie maneno yenyewe. Hadithi imetaja "kwa ajili ya uzuri", na neno hilo halikuwekwa bure. Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafii, alieleza katika sharhe yake ya Sahihi Muslim kuwa kilichoharamishwa ni kufanya hivyo kwa kutafuta uzuri. Ama mwenye kuhitaji kwa sababu ya matibabu au aibu iliyo katika jino, hapana ubaya.

Na iko hadithi ya Sahaba Arfaja bin Asad (r.a.), iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Pua yake ilikatwa katika vita vya Kulab zama za ujahili, akajifanyia pua ya fedha, nayo ikamnukia vibaya. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atie ya dhahabu. Dhahabu kwa mwanamume ni haramu, lakini hapa imeruhusiwa kwa kuondoa madhara. Maulamaa wamekisia kwa hadithi hii kuruhusiwa kulifunga jino kwa dhahabu. Basi ikiwa dhahabu imefaa, chuma cha daktari kitakatazwaje?

Kwa hivyo, meno yaliyopandana hata chakula hakitafuniki, au hayasafishiki mpaka yakaoza, au yamechomoza hata mdomo haufungiki na jino lakaribia kuvunjika kwa kuanguka kidogo, au yamemtia kijana katika aibu iliyo dhahiri mbele ya wenziwe, hayo kuyatibu ni kurejesha umbo katika hali yake ya kawaida, wala si kulibadilisha.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Wako wanaodhani kuwa kushughulika na meno ni mambo ya Kizungu. Hasha! Abulqasim al-Zahrawi, tabibu Mwislamu wa Andalus aliyeishi karibu na mji wa Cordoba na kufa yapata mwaka 1013, aliandika katika kitabu chake cha Tasrif namna ya kukwangua ukoga, akachora vyombo vya kazi hiyo, akaeleza namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu, na namna ya kulikereza jino lililotoka katika safu yake. Miaka 700 baadaye, mwaka 1728, Mfaransa Pierre Fauchard aliandika juu ya kibamba cha chuma cha kuyavuta meno. Sisi tuliilaza elimu, wengine wakaiamsha. Na mwenye kuikuta elimu yenye manufaa hana sababu ya kuikimbia.

NYAYA ZINAVYOFANYA KAZI

Jino halikupigiliwa katika taya kama msumari katika ubao. Limekaa katika tundu ya mfupa, limeshikwa na nyuzi laini, na mfupa wenyewe ni kitu kilicho hai. Likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa wa upande linakokwenda huyeyuka kidogo kidogo, na upande linakotoka hujengeka mfupa mpya. Mwendo wake ni kiasi cha milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo sababu kazi hii huchukua mwaka na nusu hata miaka 3, na daktari humwita kijana kila baada ya wiki kadha ili kuukaza waya. Mwenye kutaka haraka huharibu, kwa kuwa jino likisukumwa kwa nguvu nyingi mzizi wake huliwa. Na ujana ni wakati wake mwema, kwani mfupa ungali unakua.

Nyaya zikitolewa, kazi haijesha. Zile nyuzi hutaka kulirudisha jino lilikotoka, basi kijana hupewa kishikizo cha kuvaa, aghalabu wakati wa kulala. Wengi hukitupa baada ya miezi michache, na meno hupinda tena, ikawa fedha na taabu ya miaka imekwenda na maji.

TULICHOKIACHA NI KIKUBWA KULIKO TUNACHOKIGOMBANIA

Hapa ndipo lilipo shauri letu. Twashindana barazani juu ya nyaya, na mswaki tumeuacha. Mtume wetu (s.a.w.) amesema kuwa lau si kuchelea kuutia umma wake mashakani, angaliwaamrisha kupiga mswaki katika kila Swala. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume akianza na nini aingiapo nyumbani, alijibu kuwa ni mswaki. Akiamka usiku husugua kinywa chake, na hata katika maradhi ya kufa kwake aliutumia. Alipokunywa maziwa alisukutua, akasema kuwa yana mafuta. Je, ni wangapi katika vijana wetu, wenye nyaya na wasio nazo, ambao kinywa chao chafanana na mafundisho haya?

Na mwenye nyaya ana haja zaidi kuliko mwingine. Chakula hunasa baina ya waya na jino. Vijidudu vya kinywani hula sukari vikatoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha gamba la jino. Uchafu ukikaa kandokando ya vile vibati, hata kwa wiki chache, hutokea madoa meupe ambayo ndiyo mwanzo wa kuoza. Nyaya zikitolewa, meno yamenyoka kama safu ya Swala, lakini kila moja lina alama ya fedheha, na alama hiyo yaweza kubaki umri mzima. Mwenye kufanya hivi ameigeuza dawa kuwa madhara, na sharia yetu haitaki madhara.

Basi yampasa kijana mambo haya:

Kwanza, apige mswaki asubuhi na usiku kabla ya kulala, kwa muda usiopungua dakika 2, na kila baada ya chakula asukutue maji kwa nguvu. Wa usiku ndio ulio muhimu zaidi, kwa sababu mate hupungua usingizini na kinywa hukosa mlinzi wake.

Pili, atumie dawa ya meno yenye floraidi, kati ya sehemu 1,000 na 1,500 katika kila milioni, nayo huandikwa juu ya pakiti. Aielekeze burashi juu ya waya, khalafu chini yake, khalafu penye ufizi. Baina ya meno atumie uzi wa meno au kijiburashi chembamba.

Tatu, asidhani kuwa ameiacha sunna kwa kutumia burashi. Mti wa mswaki una baraka na manufaa, na Shirika la Afya Duniani limeusifu. Lakini maulamaa wa Kishafii wamesema sunna hupatikana kwa kila kitu chenye kukwaruza na kusafisha. Mti peke yake haufiki chini ya waya. Ajumuishe yote mawili.

Nne, ufizi ukitoa damu asiache kusafisha kwa khofu. Mara nyingi damu hiyo ni ishara ya uchafu uliokaa, na dawa yake ni usafi. Isipokoma, aende kwa daktari. Waya ukimchoma shavu, aweke nta apewayo na daktari, na asukutue maji ya vuguvugu yenye chumvi.

CHAKULA

Mabuyu ya rangi, kashata, miwa, bisi, karanga na mahindi ya kuchoma huvunja vibati. Halua na peremende za kunata hushikana navyo. Tunda gumu likatwe vipande vidogo. Ama soda na chai yenye sukari nyingi, madhara yake si kwa wingi wake tu, bali kwa kukaririwa. Kila funda la sukari huamsha asidi kwa muda wa kiasi cha nusu saa, basi mwenye kunywa kidogo kidogo mchana kutwa hayapi meno yake nafasi ya kupumua. Atakaye kitamu akile pamoja na chakula, khalafu asukutue.

UDHU, JOSHO NA SAUMU

Tumeulizwa pia kama udhu na josho la mwenye nyaya ni sahihi. Katika madhehebu ya Shafii, kusukutua ni sunna katika yote mawili, si fardhi. Basi udhu wake na josho lake ni sahihi bila ya shaka, wala haimpasi kuzitoa nyaya.

Ama saumu, kuvaa nyaya hakuifunguzi. Lakini asafishe vyema baada ya daku kabla ya alfajiri. Mabaki ya chakula yakishuka na mate bila ya kukusudia, na hakuweza kuyatenga na kuyatema, saumu yake haikubatilika. Akiweza kuyatema naye akayameza kwa makusudi, imebatilika. Dawa ya meno aiache mchana, kwa kuchelea isifike kooni.

TAHADHARI

Kumeingia mtindo wa vijana kutiwa nyaya za urembo na watu wasio madaktari, meno yao yakiwa hayana dosari. Malaysia wapo waliopelekwa mahakamani kwa biashara hii. Wengine hujifunga mipira wenyewe nyumbani, na mpira huteleza chini ya ufizi ukafika kwenye mzizi, hata jino zima likang'oka. Hayo hayana ruhusa ya sharia wala ya tiba. Mzazi amwendee daktari mwenye leseni ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, na aulize kabla ya kulipa: ugonjwa ni nini, muda ni kiasi gani, na kishikizo kimo katika bei?

Na asiye na uwezo asihuzunike, wala asiingie katika deni la riba kwa ajili ya nyaya. Meno yaliyopinda na yakawa safi ni bora kuliko yaliyonyoka na kuoza. Mswaki hauna tajiri wala maskini.

Enyi wazazi, mtoto ni amana, na kinywa chake ndicho kisomacho Qurani. Mtazameni kinywani kila usiku kama mnavyomuuliza Swala yake. Nanyi vijana, msicheke mwenzenu kwa meno aliyoumbwa nayo wala kwa chuma alichotiwa. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tahara ya nje na ya ndani. Amin.