Kengele ya Moto Ndani ya Ndege: Kwa Nini Agizo la Kutoka Litiiwe Hata Kama Moto Haupo

Wahenga walinena kuwa panapofuka moshi pana moto. Ndani ya ndege, kauli hiyo si kweli kila mara. Safari kutoka Unguja hadi Dar es Salaam huchukua takribani dakika 20 tu, na miongoni mwa abiria huwamo wagonjwa wenye barua za rufaa, wajawazito na wazee. Kengele ya moto inapolia, wao ndio walio katika hatari kubwa zaidi, moto uwepo au usiwepo.

Vihisi moshi vilivyomo katika sehemu ya mizigo hutambua chembechembe zinazoelea hewani kwa kutumia mwanga. Mvuke, vumbi au unyevu utokao kwenye mazao mabichi unaweza kuutawanya mwanga huo kama ufanyavyo moshi. Uchunguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani uliochapishwa mwaka 2000 ulionesha kuwa katika sehemu za mizigo, kengele za uongo zilikuwa takribani 200 kwa kila moja ya kweli.

Je, kengele hizo zipuuzwe? Jibu lilipatikana Riyadh, Saudi Arabia, tarehe 19 Agosti 1980. Ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Jeddah ilitoa tahadhari ya moshi muda mfupi baada ya kuruka. Marubani walitumia zaidi ya dakika 4 kuhakikisha kama tahadhari ilikuwa ya kweli, kisha wakarudi na kutua salama. Hata hivyo, ndege haikusimama upesi, na utokaji wa dharura haukuanzishwa. Milango ilipofunguliwa na waokoaji, watu wote 301 walikuwa wamefariki. Ndiyo maana wahudumu wa ndege hawasubiri kuuona moto kwa macho. Ndege kubwa za abiria hutakiwa kuthibitishwa kuwa zinaweza kutoa watu wote ndani ya sekunde 90, huku nusu ya milango ikiwa haitumiki.

Utokaji huo una gharama yake. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilichunguza matukio 46 ya utokaji wa dharura na kubaini kuwa asilimia 92 ya waliokuwamo hawakuumia, asilimia 6 waliumia kidogo na asilimia 2 waliumia vibaya. Majeraha ya kawaida ni kuteguka au kuvunjika kifundo cha mguu, kuumia mkono na mgongo, na michubuko ya kusuguana na mtelezo wa dharura. Ndege ndogo hazina mitelezo hiyo. Abiria hushuka kwa ngazi au kwa kuruka.

Kwa mgonjwa anayesafiri

Agizo la kuacha mizigo halina msamaha kwa mfuko wa dawa. Anayegeuka kuutafuta huziba njia ya walio nyuma yake. Kwa hiyo dawa ya haraka, kama vile ya kuvuta kwa mwenye pumu, kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa mwenye maumivu ya moyo, au glukosi kwa mwenye kisukari, ikae mfukoni au katika kipochi kilichofungwa kiunoni tangu kupanda ndege. Orodha ya dawa zote iwekwe hapo hapo. Asiyeweza kutembea vizuri, pamoja na mjamzito, amweleze mhudumu kabla ya ndege kuruka. Viatu vyenye visigino virefu vivuliwe, na pindo la buibui au kanzu likusanywe ili lisinase.

Kwa mhudumu wa afya

Taarifa kwamba kengele ilikuwa ya uongo isiwe sababu ya kuwaruhusu watu waende bila kupimwa. Mwenye maumivu ya shingo au mgongo asitembezwe. Mjamzito aliyeanguka achunguzwe, yeye na mtoto aliye tumboni, hata kama hana jeraha la nje. Anayehema kwa hofu asidhaniwe kuwa ana hofu tu mpaka pumu, ugonjwa wa moyo na athari za moshi ziondolewe.

Ikiwa moshi ulikuwapo kweli, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisiaminiwe peke yake. Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini, na kipimo hicho huisoma kana kwamba ni oksijeni. Mgonjwa aweza kuonesha asilimia 98 ilhali mwili unakosa hewa. Apewe oksijeni nyingi kwa barakoa bila kuchelewa. Sauti iliyokwaruza, masizi puani au mdomoni, na kuchanganyikiwa ni dalili za kumpeleka hospitali mara moja, kwani njia ya hewa inaweza kuvimba na kuziba baadaye.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika ndege, anayelitii agizo anaweza naye kuvunjika guu, lakini guu hutibika. Pumzi iliyokatwa na moshi hairudi.