Shule ya Dún Chaoin: Lugha ya Nyumbani na Mlango wa Darasa

Utangulizi

Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu. Shule yenye walimu wawili yaweza kuonekana si kitu machoni pa afisa aliye jijini, lakini kwa kijiji chake ndiyo bahari yenyewe. Makala haya yanaangazia historia ya shule moja ya aina hiyo: shule ya msingi ya Dún Chaoin, kijiji kilicho kwenye ncha ya magharibi ya rasi ya Corca Dhuibhne, Kaunti ya Kerry, nchini Ayalandi. Wenyeji wa huko ni wasemaji wa Kiayalandi, na mbele yao baharini ni visiwa vya Blasket. Hoja yetu ni kwamba shule haiui wala haiokoi lugha kwa kuwapo tu. Linaloamua ni lugha ipi inaruhusiwa kuingia darasani.

Shule isiyoijua lugha ya watoto

Mfumo wa shule za kitaifa ulianzishwa Ayalandi mwaka 1831, nchi hiyo ikiwa chini ya Uingereza. Kiingereza ndicho kilichofundishiwa, hata pale ambapo mtoto hakujua neno lake hata moja. Katika sehemu nyingi za nchi mtoto alivishwa kijiti shingoni. Kila aliponaswa akisema Kiayalandi kijiti kilichanjwa alama, na alama hizo zililipwa kwa viboko. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo marefu hapa. Ngũgĩ wa Thiong'o aliyasimulia mambo kama hayo katika Decolonising the Mind (1986), na hata mimi nilikivaa kibao cha aibu nikiwa darasa la tatu, kwa kosa la kumwomba mwenzangu kifutio kwa lugha ya nyumbani.

Peig Sayers alizaliwa Dún Chaoin mwaka 1873 na kusoma kijijini humo kabla ya kwenda mjini Dingle kuwa mtumishi wa nyumbani. Baadaye aliolewa katika kisiwa cha Great Blasket, akawa mmojawapo wa watambaji mashuhuri wa taifa lake. Hata hivyo, tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1936 hakuiandika kwa mkono wake. Alisimulia, na mwanawe akaandika. Shule ilimfunza herufi za Kiingereza. Lugha aliyokuwa bingwa wake haikumfunza kuiandika.

Watoto wanapogeuka walimu

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Kiayalandi kiliruhusiwa kuwa somo la ziada, na mwaka 1904 mpango wa kufundisha kwa lugha mbili ukaidhinishwa katika maeneo ya wasemaji wake.

Matunda yake yalionekana mahali pasipotarajiwa. Tomás Ó Criomhthain, mvuvi wa Great Blasket, alikuwa mtu mzima asiyejua kusoma lugha yake. Bahari ilipochafuka akashindwa kurudi kisiwani, alikaa katika nyumba moja ya Dún Chaoin. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wakijifunza Kiayalandi shuleni, wakawa wanamsomea hadithi, hadi naye akajua kujisomea. Mwaka 1929 ilichapishwa tawasifu yake, An tOileánach, yaani Mtu wa Kisiwani, ambayo ni miongoni mwa nguzo za fasihi ya Kiayalandi. Peig na Tomás hawakutofautiana kwa kipaji. Mmoja alikutana na herufi za lugha yake, mwingine hakukutana nazo.

Kufungwa na kufunguliwa

Shule ya Great Blasket ilifungwa mwaka 1941 kwa uchache wa watoto. Mwaka 1953 wakazi wa mwisho walihamishiwa bara. Kwa hiyo serikali ilipoifunga shule ya Dún Chaoin mwaka 1970, wenyeji walikuwa wamekwisha kuuona mwisho wa kisa kama hicho ng'ambo ya maji.

Hoja ya serikali haikuwa ya kipuuzi. Ilikusudia kuunganisha shule ndogo ili watoto wapate walimu na vifaa zaidi. Lakini wazazi walikataa, na masomo yakaendelea kijijini bila idhini yake. Mwaka 1973, baada ya serikali kubadilika, shule ilifunguliwa tena rasmi. Kinaya ni kwamba safari hii aliyefunga mlango hakuwa mkoloni. Ilikuwa dola huru ambayo katiba yake ya 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza.

Hitimisho

Historia hii inatufunza kwamba hadhi ya lugha katika katiba haitoshi ikiwa darasa la kijijini limesahauliwa. Kwetu Kenya, Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Pendekezo hilo halikukizuia kibao kunifikia shingoni. Sisi tunaojiandaa kuwa walimu wa Kiswahili tusije tukawa wavishaji wapya wa vibao, tukikipigania Kiswahili kwa fimbo ileile iliyotuumiza. Mtoto anayeomba kifutio kwa lugha ya mamake apewe kifutio kwanza. Huenda kesho yeye ndiye atakayemsomea babu yake.