SOMO LA UMEME: SOMA NAMBA TATU KABLA YA KUFUNGA SHAWA

Wanakisomo wenzetu, leo tutajifunza habari za shawa ya umeme, ile inayofungwa ukutani bafuni na kuchemsha maji palepale yanapotoka. Zamani tuliiona katika nyumba za wageni za mjini tu. Lakini tangu Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, uanze kazi mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika vijiji vingi. Kwa wenzetu wa Njombe, Makete na Mufindi, ambako maji ya alfajiri ya mwezi Julai huuma kama siafu, mtu akishauza viazi au parachichi huanza kuifikiria shawa. Wala si anasa. Mzee anahitaji maji ya moto, na mama aliyejifungua vilevile.

Ila tuelewane: shawa si taa. Taa moja ya LED inakula wati 9. Shawa nyingi zinazouzwa madukani zinakula wati 5500. Chukua kalamu, gawanya 5500 kwa 9. Umepata ngapi? Ni 611 na kitu. Basi kufungua shawa moja ni sawasawa na kuwasha taa 611 kwa pamoja. Hakuna mtu angekubali taa zote hizo zifungwe kwenye waya mmoja mwembamba, lakini shawa tunaifunga hivyo hivyo kwa sababu ni kitu kimoja na ni kidogo kwa macho.

Wewe sasa unajua kusoma. Kuna namba tatu zimeandikwa kwenye vifaa vyenyewe, na kila mwenye nyumba yafaa azisome kabla fundi hajapanda ngazi. Ya kwanza iko kwenye shawa, ya pili kwenye breka, ya tatu kwenye waya.

Tuanze na shawa. Geuza, utaona kibandiko kimeandikwa kwa mfano 5500 W, 220 V. W ni wati, yaani nguvu inayoliwa. V ni volti, yaani msukumo wa umeme. Ukigawanya wati kwa volti unapata ampea, yaani wingi wa umeme unaopita katika waya. Gawanya 5500 kwa 220, unapata ampea 25. Hesabu nzuri, haina baki. Lakini umeme wetu majumbani ni volti 230, siyo 220. Msukumo ukizidi, shawa nayo inavuta zaidi. Kwa volti 230 shawa hiyo huvuta ampea 26 hivi. Shika hiyo 26, tutaitumia.

Sasa breka. Hii ni ile swichi ndogo ndani ya boksi la umeme, inayojikata yenyewe umeme ukizidi. Usoni imeandikwa herufi na namba, kama C16, C20, C25, C32 au C40. Namba hiyo ni ampea. Watu wengi, na mafundi wengine pia, husema kazi ya breka ni kulinda shawa isiungue. Hapana. Breka imewekwa kulinda waya. Shawa itavuta ampea zake 26 breka iwe kubwa au ndogo. Kinachoweza kuungua bila mtu kujua ni waya uliojificha darini.

Mfereji wa shambani utatusaidia kidogo hapa. Ukifungulia maji mengi kuliko uwezo wa mfereji, yanafurika kando, nawe unayaona. Umeme haufuriki. Unabaki ndani ya waya na kuupasha moto. Waya mwembamba ukipitishiwa umeme mwingi, plastiki yake inalainika, halafu inayeyuka, halafu shaba ya laivu inagusana na ya nyutro juu ya mbao za dari. Hiyo ndiyo shoti tunayoisikia kila mwaka nyumba zikiungua.

Namba ya tatu basi ni unene wa waya. Soma ubavuni mwa waya au kwenye roli lake: 1.5, 2.5, 4, 6, 10. Hizo ni milimita za mraba za shaba iliyo ndani. Waya wa shaba uliopita ndani ya paipu ya plastiki ukutani unaweza kubeba takribani hivi: wa 1.5 ampea 17, wa 2.5 ampea 24; wa 4 ampea 32; wa 6 ampea 41. Ukipita chini ya bati linalochomwa na jua, au ukibanwa pamoja na nyaya nyingine, uwezo huo unapungua. Na angalia sana nyaya za bei ya kutupa. Nyingine ndani ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua kwa kisu. Ikitokea nyeupe, mrudishie mwenye duka.

Sasa tuziweke namba zote tatu kwenye mstari mmoja. Ampea za shawa zisizidi namba ya breka, na namba ya breka isizidi uwezo wa waya. Kwa shawa yetu ya ampea 26, breka ya 25 haitoshi. Inayofuata ni 32. Waya wa kubeba 32 ni wa 4 kwa shida, maana hauna nafasi ya kupumua. Sisi tunashauri wa 6, hasa kama unapita darini. Waya huo utoke kwenye breka yake peke yake mpaka kwenye shawa, usikutane na soketi wala taa yoyote njiani. Na shawa isichomekwe kwa plagi. Plagi na soketi zetu za pini tatu mwisho wake ni ampea 13, nusu tu ya zile shawa inazotaka.

Katika kijiji kimoja tulikopita, tulionyeshwa nyumba ambayo shawa ya wati 5500 ilikuwa imeungwa kwenye waya wa 2.5 wa soketi. Breka ilikuwa ya 16. Baba mwenye nyumba alikuwa akianza kuoga, breka inajikata baada ya dakika chache, maji yanageuka barafu mgongoni. Fundi akaitwa. Akaitoa breka ya 16 akaweka ya 40, akalipwa, akashukuriwa. Breka haikujikata tena. Asubuhi moja baba alikuwa bafuni, mama amewasha jagi la umeme la kuchemshia chai, na binti anapiga pasi sare ya shule. Jumlisha nasi: shawa 26, jagi karibu 9, pasi 4. Jumla 39. Waya uwezo wake 24. Breka ya 40 ilinyamaza kimya, kwa sababu 39 haijafika 40. Mama alisikia harufu ya plastiki, akakimbilia meni swichi akaizima. Dari lilipobomolewa, nyaya zilikuwa zimeshikana kama ugali wa jana. Kama wote watatu wangekuwa wametoka kwenda shambani na jagi wamelisahau, sijui tungeonyeshwa nini.

Kwa hiyo breka inapojikata kila mara, inakuambia jambo. Usikubali fundi ainyamazishe kwa kuweka kubwa zaidi kabla hajakuonyesha unene wa waya.

Bafu nyingi za vijijini ziko nje, mbali na nyumba. Hapo kuna hesabu nyingine. Waya mrefu hula volti njiani. Kwa mita 30, shawa hiyo ikifungwa kwa waya wa 2.5 hupoteza karibu volti 14. Kwa waya wa 6 hupoteza chini ya 6. Ndiyo maana bafu la mbali huwa na maji ya vuguvugu, watu wakadhani shawa ni mbovu.

Sasa tufike penye hatari kubwa kuliko zote. Katika shawa nyingi za bei nafuu, waya wa kuchemshia uko wazi, unaguswa na maji yale yale yanayokumwagikia kichwani. Ndiyo sababu shawa ina waya wa kijani, au wa kijani na njano, unaoitwa ethi, unaokwenda kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. Wapo mafundi wanaoukata na kuufungia tepu eti "hauna kazi". Huyo mwambie ashuke ngazi.

Hata hivyo ethi peke yake haitoshi. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Hitilafu ikitokea, huenda zikapita ampea 4 au 5 tu kwenda ardhini. Breka ya 32 haitashtuka kwa ampea 5, nawe umesimama kwenye maji. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa hata na sehemu ya kumi ya ampea moja. Kinachohitajika ni kifaa kingine ndani ya boksi, kimeandikwa RCD au RCCB na namba 30 mA. Hicho hukata umeme unapovuja kidogo tu, sehemu 3 za ampea iliyogawanywa mara 100. Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila mwezi. Kisipojikata, kibadilishwe kabla mtu hajaoga.

Mambo mengine ni mafupi. Maungio ya shawa yafungwe kwa konekta ya kauri, si kusokota nyaya na kuviringisha tepu. Swichi ya shawa ikae nje ya bafu, na iwe ile inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Kama maji ya kwenu ni ya chumvi, uliza shawa ya maji ya chumvi, yenye waya wa kuchemshia uliofunikwa. Kama nyumba yako inatumia kile kifaa cha UMETA, sahau shawa kwanza. Kifaa hicho ni cha taa, redio na simu. Na kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe. Kujua namba hizi si ruhusa ya kupanda darini mwenyewe.

Zoezi. Mwenzako amenunua shawa iliyoandikwa 4500 W, 220 V. Fundi anataka kumfungia breka ya 32 na waya wa 2.5. Je, amkubalie? Piga hesabu kwanza, halafu soma jibu.

Jibu. 4500 gawanya kwa 220 ni ampea 20 na nusu hivi. Kwa volti 230 inakaribia 21 na nusu. Waya wa 2.5 unabeba 24, kwa hiyo shawa peke yake inaingia. Lakini breka ya 32 imezidi uwezo wa waya. Asikubali. Breka ya 25 na waya wa 4 zitamfaa, na RCD ya 30 mA mbele yake.